Usingizi wa Vipande

Saa tisa usiku, nikiwa nimesimama mbele ya karo la jikoni, nilisugua sufuria ya wali mpaka ikang'aa. Nikaisuuza, nikaigeuza juu ya kitambaa ichuje maji, kisha nikachukua sufuria nyingine kwenye beseni. Ilikuwa ileile. Mkono wangu ulikuwa umeitoa pale kitambaani na kuirudisha kwenye povu bila mimi mwenyewe kujua. Nilipotazama vidole vyangu niliona ncha zake zimekunjamana kama za mtoto aliyeshinda baharini, na hapo ndipo nikafahamu kwamba hii haikuwa mara ya pili wala ya tatu. Nje, mtaa wote wa Ngamiani ulikuwa umelala. Taa pekee iliyowaka ilikuwa ya mlinzi wa duka la kona.

Hiyo ilikuwa siku ya sita ya ratiba niliyojiwekea mwenyewe: usingizi mkuu wa saa tatu, kuanzia saa nne usiku hadi saa saba, kisha vipande vitatu vya dakika ishirini, kimoja saa kumi na moja alfajiri, kimoja saa tano asubuhi, kimoja saa kumi na moja jioni. Jumla yake ni saa nne kwa usiku na mchana.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu. Naifanyia nyumbani hapa Tanga, kwenye meza ya dirishani, na tangu mama alipohamia kwangu kwa maradhi ya miguu, mchana wangu umekuwa wa kudokoadokoa: nusu ukurasa, dawa ya mama, nusu ukurasa, sokoni, nusu ukurasa, mgeni. Nilikuwa na muswada wangu mwenyewe uliokaa ndani ya bahasha miaka minne. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba anayelala saa nne badala ya nane huvuna saa 1,460 kwa mwaka, yaani siku 60 nzima za kuwa macho, sikuhitaji kushawishiwa zaidi. Aliyewahi kutamani kukamilisha jambo akakosa wasaa atanielewa.

Ahadi ya mtindo huu ni kubwa. Wanaoushabikia husema sehemu kubwa ya usingizi wa usiku ni makapi. Punje ni usingizi mzito na usingizi wa ndoto, na mwili ukibanwa muda wa kutosha utajifunza kuyapepeta makapi na kudonoa punje peke yake, hata ndani ya dakika ishirini. Wiki tatu au nne za tabu, kisha mwili unashika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilizuka Marekani ratiba kali kuliko zote, ikapewa jina la Uberman: vipande sita vya dakika ishirini, kimoja kila baada ya saa nne, pasipo usingizi mkuu wowote. Saa mbili kwa siku. Yangu ilikuwa ile iliyo laini zaidi, iitwayo Everyman.

Wazo lenyewe lina umri. Mwaka 1943 jarida la Time liliandika kwamba Buckminster Fuller, mbunifu wa Marekani ambaye baadaye alijulikana duniani kwa majengo yake ya kuba, alikuwa amelala kwa miaka miwili nusu saa tu kila baada ya saa sita. Kisha akaacha. Sababu iliyotajwa ni kwamba ratiba yake iligongana na ya wenzake wa kazi, ambao walilala kama watu wengine. Nilipoisoma sentensi hiyo mara ya kwanza niliipita mbio, maana nilikuwa natafuta habari za mwili, mambo ya wenzake hayakunihusu. Ama Leonardo da Vinci, ambaye hutajwa kila mtindo huu unaposifiwa, hakuna ushahidi wa zama zake kwamba alilala hivyo, na si haki kuvuta watu kwa jina lake.

Wenye ushahidi wa kweli ni mabaharia.

Kuna mashindano ya mashua za tanga yaitwayo Vendée Globe. Huanzia Les Sables-d'Olonne, mji wa pwani ya magharibi ya Ufaransa, na kurudi palepale baada ya kuizunguka dunia nzima. Kila mashua ina mtu mmoja, na haruhusiwi kutia nanga bandarini wala kupokea msaada. Chini kabisa, kwenye bahari ya kusini, kuna vilima vya barafu vinavyoelea na mawimbi kama maghorofa. Usukani wa kujiendesha unaweza kuishika njia, lakini hauwezi kuona kila kitu wala kupunguza tanga upepo unapogeuka ghafla. Isitoshe, meli kubwa ikichomoza pale mbingu inapokutana na maji yaweza kukufikia ndani ya takriban dakika ishirini. Kwa hiyo baharia wa peke yake akitaka kulala anapimiwa usingizi wake na upeo wa macho.

Claudio Stampi, daktari ambaye mwenyewe alikuwa baharia wa mashindano, aliwachunguza watu hawa kwa miaka mingi. Alitaka kujua wanalala vipi na nani anafika mbele. Akaona kwamba waliofanya vizuri ni wale waliolala vipande vya dakika ishirini mpaka saa moja, na ambao kwa siku nzima walijikusanyia kama saa nne na nusu hadi tano na nusu. Baadaye, akiwa Boston, alifungua taasisi ya kuchunguza saa za mwili, na mabaharia wakawa wanamwendea kabla ya safari kama mtu anavyomwendea fundi kupimwa nguo. Alimvisha kila mmoja kifaa cha mkononi, akatazama ni saa ngapi za siku mwili wake husinzia kwa urahisi, kisha akampangia vipande kufuata saa hizo.

Mmoja wao alikuwa Ellen MacArthur, binti Mwingereza aliyezaliwa katika jimbo la Derbyshire, mahali pasipo na bahari. Alipomaliza Vendée Globe mwezi Februari 2001 alikuwa na umri wa miaka 24, na alishika nafasi ya pili baada ya siku 94 majini. Kumbukumbu zake zilihesabiwa: alilala mara 891, kwa wastani wa dakika 36 kila mara. Miaka minne baadaye, 2005, aliizunguka tena dunia peke yake kwa siku 71 na saa 14, ikawa rekodi.

Hesabu ya 2001 naomba tuikalie kidogo, maana mimi niliisoma siku ya kwanza nikaiona sehemu yake moja tu. Mara 891 kwa dakika 36, gawanya kwa siku 94. Jibu ni zaidi ya saa tano na nusu kwa siku. Mwanamke aliye peke yake katikati ya barafu, ambaye kila dakika ya kufumba macho ingeweza kumgharimu maisha, alilala kwa saa moja na nusu zaidi ya nilivyojiruhusu mimi kwenye nyumba ya matofali yenye kitanda na chandarua. Stampi hakumfundisha kupunguza usingizi. Alimfundisha kuuokoteza, kama anavyookoteza kuni mtu aliyenyimwa mzigo mzima, na alipofika nchi kavu hakuna aliyemtaka aendelee hivyo.

Turudi jikoni kwangu. Siku tatu za mwanzo zilikuwa nyepesi, jambo linalowadanganya wengi. Mwili ulikuwa bado unatumia akiba, na kuamka saa saba usiku nyumba ikiwa kimya kulikuwa na raha ya wizi mdogo. Niliandika kurasa nne kwa mkupuo. Siku ya nne simu ililia nisiisikie. Mama ndiye aliyegonga ukuta kwa mkongojo. Kuanzia hapo nikawa naiweka ndani ya bakuli la bati juu ya kabati, ili mlio wake uungurume na nilazimike kusimama. Siku ya saba nilijua maana halisi ya lile neno letu, mang'amung'amu. Niliamka kutoka kwenye kipande cha jioni, nikakaa kitandani nikitazama khanga yangu iliyoning'inia kwenye msumari, nikaweza kuyasoma maneno yake moja baada ya jingine, lakini maana haikuja. Ilikuja baada ya muda mrefu, na ilipokuja nililia kidogo, sijui kwa nini.

Siku ya nane nilipitishwa kituo na daladala, nikaamshwa na kondakta gari likiwa limeishiwa abiria. Siku ya kumi na moja niliota ndani ya zile dakika ishirini: ndoto ndefu, yenye rangi, ya nyumba ya bibi yangu na mwembe wake. Niliruka kitandani kwa furaha. Vitabu vilikuwa vimeniambia kwamba ndoto ndani ya kipande kifupi ni ishara kwamba mwili umeshika. Siku ya kumi na tatu na ya kumi na nne sikuhisi usingizi hata kidogo. Kichwa kilikuwa chepesi, macho makavu, mikono ina kasi. Niliandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, kwamba nimevuka.

Siku ya kumi na tano prufu za kitabu nilichokihariri wiki hiyo zilirudi. Mchapishaji ni mtu mpole na hakusema neno la ukali; alizungushia tu duara la kalamu nyekundu. Kichwa cha sura ya tatu kilikuwa kimejirudia juu ya sura ya nne. Jina la mhusika lilibadilika katikati ya ukurasa na mimi nikalipitisha. Aya moja nzima niliifuta, na sikumbuki kuigusa. Miaka kumi na sita ya kazi hii sikuwahi kupitisha makosa ya namna hiyo, na yote niliyafanya katika zile siku mbili nilizojiona nimevuka.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma upya, safari hii kwa utulivu wa mtu aliyeshtuka.

Mwili una mizani miwili ya usingizi. Alexander Borbély, mtafiti wa Zurich, aliieleza kwa pamoja mwaka 1982, na mpaka leo maelezo yake ndiyo msingi. Mzani wa kwanza ni wa deni. Tangu unapofumbua macho, kemikali iitwayo adenosini huanza kujilimbikiza ubongoni, na kadiri inavyojaa ndivyo usingizi unavyokuvuta. Kulala huipunguza. Kahawa hailipi deni hilo. Huuziba ubongo masikio tu, usimsikie mdai anayebisha hodi. Mzani wa pili ni saa. Nyuma ya macho, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapokutana, kuna kiini kidogo cha ubongo kinachofuata mwanga. Mchana hupandisha joto la mwili, na giza likiingia huamuru homoni ya melatonini itoke. Kiini hicho husogezwa na mwanga, tena polepole, na bakuli la bati lenye simu halikitingishi. Ndiyo maana kipande cha saa tano asubuhi kilikuwa kikinitoroka, nikilala macho kodo na jua likinisukuma juu, wakati saa tisa usiku mwili wote ulikuwa umefungwa kama duka.

Usingizi wa kawaida huenda kwa mizunguko ya takriban dakika tisini. Hushuka kutoka mwepesi kwenda mzito, hupanda hadi wa ndoto, kisha hushuka tena. Usingizi mzito hujaa mwanzoni mwa usiku, na ndipo mwili hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji; usingizi wa ndoto hurefuka kuelekea alfajiri. Dakika ishirini zilichaguliwa kwa sababu mtu aliyeshiba usingizi hawahi kufika chini ndani ya muda huo, na kwa hiyo huamka safi. Mwenye deni hali yake ni nyingine. Huzama mpaka chini kwa dakika chache, na king'ora humng'oa kutoka huko. Yale mang'amung'amu yangu ya jioni yalitokana na hilo. Na ile ndoto ya mwembe niliyoisherehekea ilikuwa usingizi ulionyimwa mlango ukaingilia dirishani. Ilikuwa njaa, nami nikaiita shibe.

Lakini lililonigusa kuliko yote ni jaribio lililochapishwa mwaka 2003 na Hans Van Dongen, David Dinges na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Waliwaweka watu wazima 48 chini ya uangalizi. Wengine waliruhusiwa kulala saa nane, wengine sita, wengine nne, kwa usiku 14 mfululizo, na kundi moja halikulala kabisa kwa siku tatu. Kila baada ya muda walipimwa wepesi wa kuitikia ishara na kumbukumbu. Wale wa saa nne na wa saa sita waliendelea kuporomoka siku hadi siku, bila kusimama, mpaka mwisho walikuwa wakikosea kama watu waliokesha usiku mmoja au miwili mfululizo. Walipoulizwa wanajisikiaje, hata hivyo, walisema usingizi umewazidi kidogo tu. Hisia ilikuwa imezoea. Ubongo haukuzoea chochote. Siku 14. Nililinganisha na daftari langu, nikaiona tarehe niliyoandika kwa herufi kubwa.

Mwaka 2021 jopo la wataalamu lililoitishwa na National Sleep Foundation ya Marekani lilipitia tafiti zote lilizoweza kupata kuhusu usingizi wa vipande. Halikupata ushahidi wa faida zinazodaiwa, lilikuta madhara kwa akili na mwili, na likashauri watu wasiufuate. Nataka lieleweke vizuri jambo ambalo jopo hilo lilikuwa likilipima: kujikata usingizi kwa hiari kwa kisingizio cha kuugawa. Kukata na kugawa ni mambo mawili, na mimi niliyachanganya.

Kugawa peke yake ni jambo la kale. Roger Ekirch, mwanahistoria wa Marekani, alipekua kumbukumbu za Ulaya kabla ya taa za umeme, na katika kitabu chake cha 2005, At Day's Close, alionyesha jinsi watu wa huko walivyozungumzia usingizi wa kwanza na usingizi wa pili, na kati yake muda wa kukesha, kusali, kunong'ona na kuchochea moto. Miaka ya mwanzo ya 1990 daktari Thomas Wehr aliwaweka watu gizani saa 14 kila siku kwa mwezi mmoja, na usingizi wao ukajigawa wenyewe mara mbili. Ulaya ya majira ya baridi ina usiku mrefu kiasi hicho. Kwetu karibu na ikweta usiku hauzidi sana saa kumi na mbili mwaka mzima, na mwaka 2015 Jerome Siegel na wenzake walipowapima Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, walikuta wanalala mara moja kwa usiku, kati ya saa 5.7 na 7.1, tena wakianza zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama.

Wahadzabe wanastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu wao ndio walionipa jibu la ile sentensi kuhusu wenzake wa Fuller.

Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha utafiti walioufanya karibu na Ziwa Eyasi. Watu wazima 33 wa kambi mbili walivaa vifaa vidogo mkononi, mfano wa saa, kwa siku 20. Wanalala kwenye vibanda vya nyasi au kando ya moto, juu ya ardhi, na fisi hawako mbali. Hakuna aliyewekwa zamu. Hakuna aliyeambiwa, wewe leo kesha. Lakini data ilipopangwa kwenye mstari mmoja, ikaonekana kwamba katika siku zote 20, muda ambao wote walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Kwa kawaida, saa yoyote ya usiku, watu wazima kama wanane walikuwa macho au katika usingizi mwepesi kabisa. Mmoja anageuka, mwingine anakwenda kuchochea moto, mwingine anamtuliza mtoto. Wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa. Tofauti za umri ndizo zinazopanga lindo. Watafiti hao wakapendekeza kwamba huenda usingizi mwepesi wa uzeeni haukuwa maradhi katika historia ndefu ya binadamu. Babu na bibi walikuwa masikio ya kambi.

Nilipofika hapo niliinua macho nikamtazama mama, ambaye kila usiku saa kumi huwa macho, akihesabu tasbihi. Nilikuwa nimemtafutia dawa za usingizi.

Na sisi wa pwani tuna mwezi mzima wa usingizi wa vipande, tunaupitia kila mwaka wala hatuuiti kwa jina la kigeni. Ramadhani mtu hufuturu, husali tarawehe, hulala kidogo, huamshwa kula daku, husali alfajiri, hujilaza tena kabla ya kazi, na adhuhuri ikipita hupata kailula yake kwenye mkeka. Kumi la mwisho likifika vipande huwa vidogo zaidi. Mchovu atakuwepo, hakuna anayekataa. Ila tazama jinsi mji unavyosogea wote pamoja. Mpiga daku hupita vichochoroni. Maduka hufunguliwa kwa kuchelewa. Mtoto akipiga kelele alasiri huambiwa anyamaze, watu wamelala. Kipande cha usingizi kinachokatwa usiku kina mahali pake mchana, na jirani anajua mahali hapo na anakuheshimia.

Mimi nilikuwa nimejitengenezea Ramadhani ya mtu mmoja katikati ya Mfungo Sita. Saa tano asubuhi, nilipotaka kulala dakika ishirini, muuza mboga alikuwa mlangoni. Saa kumi na moja jioni, wageni wa mama. Walikuwa na haki kuja saa hizo.

Iliisha siku ya kumi na tisa. Niliteleka maharage jikoni, nikaketi kwenye kigoda kusubiri yachemke. Kilichofuata sikukiona. Nilizinduliwa na harufu, na nilipofumbua macho mama alikuwa amesimama juu yangu, mkongojo mkono mmoja, mkono mwingine umeshazima gesi. Kutoka chumbani kwake mpaka jikoni ni hatua kumi na mbili na ngazi moja, na kwa wiki kadhaa alikuwa hajaweza kuishuka ngazi ile bila kushikwa. Maharage yalikuwa makaa. Hakugomba. Alivuta kiti akakaa, akapumua mpaka pumzi ikarudi.

"Mwanangu."

"Labeka, mama."

"Usiku unapoamka, unamlinda nani?"

Sikuwa na la kumjibu.

"Maana mimi kukesha nimekesha. Ulipopatwa na degedege nilikesha siku tisa. Lakini bibi yako alikuwa anakuja alfajiri, ananitoa mikononi mwangu mtoto, ananiambia, haya, lala sasa, nipo." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu."

Aliiweka chini ya mto wake. Nililala saa mbili usiku nikaamka saa nne asubuhi ya siku ya pili. Ilinichukua zaidi ya wiki mbili za kulala mapema ndipo prufu zikawa safi tena. Katika kurasa 61 za muswada nilizoandika katika siku zile zote, nilizibakiza kumi na moja.

Tangu hapo nimekuwa nikimwangalia kwa jicho jingine jirani yangu wa nyumba ya tatu, mvuvi wa dagaa. Wao huvua usiku kwa taa, na huvua giza. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawakusanyiki kwenye taa, kwa hiyo hubaki nyumbani. Maana yake ni kwamba kila mwezi unaoandama mtu huyu hubadilisha usingizi wake mara mbili, na amefanya hivyo tangu ujana. Nilimuuliza anazoeaje. Alisema hakuna kuzoea, kuna kupokeana. Taa zikishawashwa na nyavu kuwa tayari, kuna kungoja kurefu, na hapo wawili hujilaza juu ya nyavu, mmoja akaangalia taa na maji, kisha wakabadilishana. Asubuhi mzigo ukishauzwa pale Sahare, anarudi, anaoga, analala mpaka adhuhuri. Anaamka kusali na kula. Baada ya alasiri analala tena kidogo kabla ya kushuka pwani. Ukijumlisha vipande vyake vyote unapata saa saba, wakati mwingine zaidi. Si rahisi, aliniambia, na msimu wa giza kichwa humuuma. Lakini halali chini ya hapo, kwa sababu wenzake wa chomboni hawatamkubali. Mtu mwenye deni la usingizi ni hatari kwa wote waliomo.

Juzi nilikwenda kwao kurudisha ungo, alasiri. Mkewe alikuwa barazani anachambua mchele, ametundika khanga mbili kwenye dirisha la nyuma yake kuzuia mwanga. Nilimwona akitazama miguu yangu, nikavua ndara nikazishika mkononi. Tulizungumza kwa midomo tu. Mara muuza kahawa akatokea pembeni ya mtaa, birika mkononi, anagonganisha vikombe vyake kama kawaida. Mke wa mvuvi hakusema neno wala hakuinua mkono. Muuza kahawa alipofika kwenye mwembe alivifumbata vikombe kiganjani, akapita mbele yetu kimya, akatuamkia kwa kichwa. Alipolipita duka la kona, ndipo tukavisikia vikilia tena.